Redio Kuukuu za Mawasiliano: Tusome Kwanza, Ndipo Tuwashe

Somo letu la leo ni juu ya redio. Hatusemi juu ya ile redio ndogo ya betri mnayoijua nyote, inayotundikwa kwenye msumari au kubebwa shambani. Tunasema juu ya redio kubwa za zamani za mawasiliano. Hizi ni redio zilizotumika melini, katika majeshi na katika vituo vya simu ya upepo. Siku hizi wako watu katika nchi mbalimbali wanaozitafuta, wanaozitengeneza upya na kuzitunza.

Pengine mtauliza, "Mambo hayo yanatuhusu nini sisi wakulima?" Yanatuhusu. Kazi hii inataka kusoma na kuandika kabla ya kutaka bisibisi. Tena, sisi wenyewe tuliwahi kuharibu redio ya namna hiyo kwa sababu hatukusoma namba moja tu. Tuanze na habari hiyo.

KOSA LETU

Mzee mmoja katika wilaya yetu alifanya kazi miaka mingi melini. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka habari kwa simu ya upepo. Alipostaafu alirudi kijijini na redio moja ya chuma, nzito, ya kubebwa na watu wawili. Aliiweka juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa. Kijijini hapakuwa na umeme. Redio ikakaa miaka mingi bila kuwashwa.

Umeme ulipofika, mzee alitualika nyumbani kwake. Tulikuwa walimu wawili. Mjukuu wake, kijana mwenye hamu ya kujua mambo, alikuwapo pia.

Mzee akasema, "Walimu, tusiwe na haraka. Chombo hiki kimelala muda mrefu. Ngojeni nitafute miwani yangu, nisome maandishi ya nyuma."

Kijana akajibu, "Babu, redio ni redio tu. Tuiwashe tuisikie."

Sisi tukacheka. Tukasema, "Mzee wetu, kijana anasema kweli. Washa tu."

Basi kijana akachomeka plagi. Taa ndogo ya mbele iliwaka kwa mwanga mkali sana, halafu ikazimika. Ndani kukasikika mlio kama wa bisi zinazopasuka chunguni. Moshi ukatoka, wenye harufu kama ya lami. Tukachomoa plagi upesi, lakini tulikuwa tumekwisha chelewa. Transfoma ilikuwa imeungua.

Mzee alipopata miwani yake tuliigeuza redio. Nyuma palikuwa na kibati kidogo, na juu yake namba: 115. Maana yake ni kwamba redio ile ilitaka umeme wa volti 115, kama ulivyokuwa kule Marekani ilikotengenezwa. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni volti 230. Piga hesabu: 115 mara 2 ni 230. Tuliipa redio ile umeme mara mbili ya uliotakiwa.

Mzee hakutugombeza. Alisema tu, "Walimu, mmewafundisha watu wengi kusoma. Leo mmeshindwa na namba moja."

Maneno yale yametukaa mpaka leo. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. REDIO YA MAWASILIANO NI NINI?

Redio ya nyumbani imetengenezwa ili kupokea stesheni zenye nguvu. Mtu huiwasha, akasikiliza habari au nyimbo huku akila chakula. Redio ya mawasiliano ina kazi ngumu zaidi. Inatakiwa isikie sauti dhaifu kutoka mbali, na iitenge sauti hiyo na nyingine zilizo karibu nayo.

Msikilizaji alivaa visikilizio masikioni, akashika penseli mkononi. Mara nyingi hakusikia maneno bali alama za Morse. Hizi ni milio mifupi na mirefu, ambayo kwenye karatasi huandikwa kama nukta na mistari. Kila herufi ina alama zake. Herufi A ni nukta moja na mstari mmoja. Herufi E ni nukta moja tu.

Tuchukue mfano wa redio moja mashuhuri iitwayo HRO. Ilitengenezwa na kampuni ya National katika mji wa Malden, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Ilianza kuuzwa mwaka 1935. Miongoni mwa waliosaidia kuibuni ni James Millen na Herbert Hoover mdogo, mtoto wa Herbert Hoover aliyekuwa Rais wa Marekani. Inasimuliwa kwamba mafundi walisukumwa sana wamalize kazi, na kwamba jina HRO lilitokana na maneno ya utani ya Kiingereza yenye maana ya kazi ya haraka kupita kiasi. Sisi husema haraka haraka haina baraka. Lakini redio hii ilikuwa na baraka, kwa sababu namna zake mbalimbali ziliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 20.

HRO ya kwanza ilikuwa na vali 9. Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna waya unaopashwa moto na umeme, na kazi yake kubwa ni kuongeza nguvu ya mawimbi yaliyo dhaifu. Transista, kitu kidogo kilichochukua nafasi ya vali, kilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Kwa hiyo redio za namna hii za kabla ya hapo ni za vali. Ukiiwasha redio ya vali haiongei papo hapo. Lazima usubiri vali zipate moto, kama unavyosubiri pasi ya mkaa.

2. INAFANYAJE KAZI?

Antena hukusanya mawimbi mengi yanayopita hewani. Kila stesheni ina wimbi lake, na mawimbi hayo hayalingani. Je, redio itayashughulikiaje yote?

Fikirini mashine ya kusaga. Mama mmoja amekuja na kikapu, mwingine na gunia, mwingine na beseni. Mwenye mashine hawezi kupima vyombo vya kila namna. Humimina nafaka zote katika debe moja analolijua. Akishapima kwa debe, kazi inakuwa rahisi.

Redio hizi hufanya vivyo hivyo. Hutengeneza wimbi lao ndani, wakalichanganya na wimbi lililotoka nje. Katika mchanganyiko huo redio huchagua tofauti ya mawimbi hayo mawili. Katika HRO tofauti hiyo ni kilohezi 456 daima. Hilo ndilo debe lake.

Tupige hesabu. Unataka kusikia stesheni iliyo kwenye kilohezi 7,000. Redio hutengeneza wimbi la kilohezi 7,456.
7,456 toa 7,000 ni 456.
Ukihama kwenda kilohezi 7,100, redio hutengeneza 7,556. Toa tena, utapata 456 ile ile.

Mmarekani Edwin Armstrong aliibuni njia hii mwaka 1918, nayo imetumika katika redio nyingi sana za nyumbani pia.

3. REDIO INAYOMTAKA MTU ASOME

Mbele ya HRO pana kisahani kikubwa cha kuzungusha. Namba zake zinaanza 0 mpaka 500, na ili umalize zote huna budi kuzungusha mara 10. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja unapita alama 50. Ndiyo maana mtu aliweza kutafuta stesheni polepole sana, kama anayetafuta sindano mchangani.

Lakini namba za kisahani hazisemi uko katika stesheni gani. Ukiona 250, hiyo ni 250 tu. Chini ya kisahani kuna visanduku vya koili vinavyochomolewa na kuchomekwa kama mtoto wa meza. Kwenye uso wa kila kisanduku kuna chati yenye mstari uliopinda. Msikilizaji husoma namba ya kisahani, halafu huifuata kwenye chati mpaka aone ni megahezi ngapi.

Visanduku vinne vya kawaida vilikuwa hivi:

Kisanduku A: megahezi 14 mpaka 30
Kisanduku B: megahezi 7 mpaka 14.4
Kisanduku C: megahezi 3.5 mpaka 7.3
Kisanduku D: megahezi 1.7 mpaka 4

Mnaona basi. Mtu mwenye masikio mazuri lakini asiyejua kusoma chati hawezi kuitumia redio hii.

4. ZILIFANYA KAZI GANI?

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945. Uingereza ilinunua redio nyingi za HRO kutoka Marekani. Wanaume kwa wanawake waliketi mbele yake usiku na mchana, wakisikiliza habari za siri za Wajerumani. Walichokisikia kilikuwa herufi zilizovurugwa kusudi, zisizo na maana kwa anayezisikia. Kazi yao ilikuwa kuandika kila herufi bila kukosea. Karatasi hizo zilipelekwa Bletchley Park, mahali ambapo wataalamu walitafuta maana yake. Herufi moja ikikosewa, mtaalamu angeweza kupotea njia.

Kazi ya namna hiyo ilifika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani ziliushambulia mji wa Colombo, katika kisiwa kinachoitwa sasa Sri Lanka. Hapo palikuwa na Waingereza waliosikiliza redio za Wajapani. Mwaka huo huo wengi wao walihamishiwa Kilindini, Mombasa. Waliwekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mwaka 1943 walirudishwa Colombo. Watu wengi wa Mombasa wamepita mbele ya shule ile bila kujua habari hiyo.

Baada ya vita redio nyingi za jeshi ziliuzwa kwa bei nafuu. Walizinunua watu wapendao mawasiliano ya redio, wakazungumza wao kwa wao kutoka nchi hadi nchi. Kisha zikaja redio za transista, baadaye setilaiti na kompyuta. Redio za vali zikaonekana mzigo. Nyingi ziliuzwa kama chuma chakavu, nyingine zikatupwa.

Hapo ndipo watunzaji walipojitokeza. Marekani walianzisha chama cha redio za kale mwaka 1952, Uingereza mwaka 1976. Wengi wanaifanya kazi hii nyumbani, jioni, baada ya kazi zao za kila siku.

Kwa nini wanahangaika? Redio hizi ni ushahidi wa mambo yaliyopita. Vilevile zinafundisha, maana ukifungua kifuniko unaona kila kiungo kwa macho na unaweza kuufuata kila waya. Tena, fundi mwenye subira anaweza kuzitengeneza kwa mkono wake.

5. HATARI

Ndugu wasomaji, sehemu hii isomeni mara mbili.

(a) Ndani ya redio nyingi za vali mna umeme wa volti zaidi ya 200, na katika baadhi yake ni nyingi zaidi. Umeme huo unaua.

(b) Kuchomoa plagi hakutoshi. Viungo viitwavyo kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huuondoa umeme huo kwanza kwa kuupitisha katika rezista, kisha hupima kwa mita kuhakikisha umekwisha.

(c) Rangi inayong'aa gizani kwenye baadhi ya vyombo vya zamani vya jeshi ina radiamu. Vumbi lake lina madhara makubwa mwilini. Usiikwangue, usiifute.

(d) Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza, ndipo umsaidie.

Kama hukujifunza kazi ya umeme, usifungue redio ya vali peke yako. Mwite fundi. Wewe uwe msomaji na mwandishi wake. Hiyo nayo ni kazi, tena ni kazi kubwa.

6. HATUA ZA KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza: Soma. Tafuta kibati cha nyuma. Andika jina, namba na volti. Kama redio inataka volti 115, lazima ipitie transfoma ya kupunguza umeme. Tafuta pia kitabu chake cha maelezo na mchoro wa waya.

Hatua ya pili: Andika. Chukua daftari. Kabla ya kugusa chochote, chora jinsi waya zilivyo au piga picha kwa simu. Kila vali ina namba yake na mahali pake. Ukizichomoa zote bila kuandika, utakuwa kama mtu aliyechanganya mbegu za majirani kumi katika kapu moja.

Hatua ya tatu: Safisha. Tumia brashi laini kutoa vumbi. Usimwage maji. Maandishi ya chupa za vali hufutika upesi, kwa hiyo usiyasugue.

Hatua ya nne: Pima. Fundi atumie mita. Kapasita za karatasi na nta huvujisha umeme zikizeeka, na nyingine hukauka. Rezista za kaboni hubadilika kiasi chake. Waya zilizofunikwa mpira hupasuka zikabaki uchi. Haya yote hutokea hata kama redio imekaa tu. Chombo kilicholala hakikuacha kuzeeka.

Hatua ya tano: Badilisha kiungo kimoja kimoja. Ukibadilisha kumi kwa mara moja na redio ikakataa, hutajua kosa liko wapi. Kila unachotoa, kifunge katika karatasi na ukiandike jina. Baadhi ya watunzaji hutoa sehemu za ndani za kapasita ya zamani, wakaingiza mpya katika gamba lile lile. Kwa nje redio inabaki na sura yake. Hilo si kosa, mradi limeandikwa daftarini ili ajaye baadaye asidanganyike.

Hatua ya sita: Washa polepole. Mafundi wengine hutumia transfoma inayopandisha volti kidogo kidogo. Wengine hupitisha umeme kwanza katika balbu ya zamani ya waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kupungua, ndani ya redio kuna hitilafu kubwa, nawe uzime mara moja. Ikiwaka kisha ikafifia, ni dalili njema. Lakini balbu hiyo inailinda redio tu. Haimlindi mtu asinaswe.

REDIO YA MZEE

Huenda mnataka kujua mwisho wa redio ya mzee wetu. Tulirudi kwake wiki iliyofuata, tukamwomba radhi. Yeye akamwita mjukuu wake, akampa daftari jipya. Akamwambia, "Mwanangu, sasa utasoma nami nitashika taa."

Kijana alisoma, akachora, akaandika. Fundi mmoja wa mjini, aliyezoea kusuka mota, aliisuka upya ile transfoma. Kapasita mbovu zilibadilishwa moja moja. Kazi ilichukua miezi mitano. Gharama ya kusuka transfoma tuliilipa sisi walimu, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Siku ya kuiwasha hakuna aliyecheka. Kijana alisoma kwa sauti kila mstari wa daftari. Waya wa antena ulifungwa kwenye mwembe. Vali zilipata moto, zikawa nyekundu kama makaa ya mbali. Kwanza tulisikia mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Mzee akazungusha kisahani taratibu. Ghafla ukaja mlio mwembamba: mfupi, mrefu, mfupi. Wako watu duniani ambao bado wanazungumza kwa Morse.

Mzee hakusema neno. Alinyoosha mkono, mjukuu akampa penseli. Mzee akaanza kuandika.

Elimu haina mwisho. Panga kusoma kabla ya kuwasha, si redio tu, bali dawa ya mifugo, mbolea, na karatasi ya mkopo kabla ya kutia sahihi.

MANENO MAGUMU

Antena: waya unaokusanya mawimbi ya redio.
Kapasita: kiungo kinachohifadhi umeme kwa muda.
Koili: waya uliozungushwa mara nyingi.
Rezista: kiungo kinachozuia sehemu ya umeme.
Transfoma: chombo kinachopandisha au kupunguza volti.
Volti: kipimo cha msukumo wa umeme.

MASWALI

1. Nyuma ya redio ya mzee paliandikwa namba gani? Ilikuwa na maana gani?
2. Ukitaka kusikia megahezi 10, utachomeka kisanduku gani cha HRO?
3. Kisahani cha HRO kimezungushwa mara 4 kutoka 0. Kinaonyesha namba gani?
4. Redio inapokea kilohezi 6,000, na debe lake ni kilohezi 456. Wimbi la ndani ni kilohezi ngapi, kama liko juu ya lile la nje?
5. Kwa nini kuchomoa plagi hakutoshi kabla ya kugusa ndani ya redio?
6. Jadilianeni katika kikundi chenu: Ni kitu gani nyumbani kwenu chenye maandishi ambayo hamjapata kuyasoma? Kileteni darasani, tukisome pamoja.